Historia ya uchawi na uaguzi wa Warusi: uanzie kwenye kesi, kwenye maneno ya uganga, kwenye ramli au kwenye usiku wa Sviatki?

Anayetaka kuijua historia ya uchawi na uaguzi wa Warusi hukutana na rundo la mambo kwa mpigo mmoja: watu waliochomwa moto kwa tuhuma, wasichana wanaotazama kioo usiku wa manane, vitabu vya ndoto, maneno ya kuzuia damu, nyota na ramli. Akitaka kuyashika yote kwa pamoja hatoki na kitu. Afadhali achague pa kuanzia, hasa kama ni mwanafunzi anayetafuta mada, mwandishi anayetafuta kisa, au msomaji tu mwenye hamu na muda mchache.

Naona njia nne zinazostahili kulinganishwa: majalada ya kesi za karne ya 17, maneno ya uganga yaliyokusanywa vijijini, vitabu vya ramli na falaki, na uaguzi wa sikukuu za Krismasi ziitwazo Sviatki pamoja na vitabu vya ndoto vilivyotembezwa na wachuuzi. Nasema mapema kwamba ya kwanza naiweka juu ya zote. Lakini haimfai kila mtu, na zipo haja ambazo hiyo haiwezi kuzitimiza.

Kipimo changu kikuu ni kimoja: nani alishika kalamu? Kisa cha zamani kitaonyesha kwa nini nauliza hivyo. Rus, nchi ya kale ya Waslavi wa mashariki, ilibatizwa mwaka 988, enzi za Vladimir, mtawala wa Kiev. Dini mpya haikuwaondoa mara moja waaguzi wa kale walioitwa volkhvi. Tarikh iliyoandikwa na watawa inawataja mwaka 1024 huko Suzdal, wakati wa njaa, kisha inawarudia chini ya mwaka 1071. Huko Novgorod mmoja wao alisimama mbele ya watu, akaikashifu imani ya Kikristo na kuahidi kwamba ataupita mto Volkhov kwa miguu huku wote wakitazama. Mji mzima ukawa upande wake. Upande wa askofu alibaki mtawala Gleb na askari wake tu. Gleb akaficha shoka ndani ya vazi lake, akamwendea na kumuuliza: unajua litakalotokea kesho asubuhi mpaka jioni? Akajibu kwamba anajua yote. Na leo je? Leo, akasema, nitafanya miujiza mikubwa. Gleb akalitoa shoka, akampasua, na watu wakatawanyika.

Kisa kimesukwa vizuri, na ndiyo shida yake. Aliyekiandika ni mtawa, na alitaka mwaguzi ashindwe mbele ya macho ya msomaji. Neno la yule volkhvi mwenyewe, alichowaambia watu hata mji mzima ukamfuata, halipo. Kila njia kati ya hizi nne ina ukimya wa namna hiyo mahali fulani, na anayechagua yafaa aujue kabla hajaanza.

Majalada ya kesi

Katika dola ya Moscow uchawi ulikuwa jambo la usalama wa mfalme kabla ya kuwa jambo la kanisa. Mwezi Juni 1547 Moscow iliungua vibaya, na uvumi ukaenea kwamba Anna Glinskaya, bibi mzaa mama wa Ivan wa Nne, amechovya mioyo ya watu katika maji na kuyanyunyiza mitaani mpaka moto ukashika. Umati ulimuua mwanawe Yuri, mjomba wa Tsar, yaani mfalme. Boris Godunov alipopanda kitini mwaka 1598, watu waliapishwa kwamba hawatamdhuru kwa chakula, kinywaji wala mavazi, hawatatumia mizizi na mitishamba ya kudhuru, hawatamfanyia uchawi kwenye unyayo wake wala kumpelekea uovu kwa upepo. Kiapo cha serikali kilikuwa kinataja unyayo na mizizi bila kuona haya. Kwa hiyo katika karne ya 17 mtu akikutwa na kipande cha mzizi mfukoni au karatasi yenye maneno iliyofungwa kwenye ncha ya kitambaa, alifikishwa kwa maofisa, karani akaandika, na jalada likapelekwa Moscow. Mengi ya majalada hayo bado yapo.

Hebu tazama moja. Mwaka 1638 Darya Lomanova, fundi wa darizi za nyuzi za dhahabu katika nyumba ya malkia Evdokia, mke wa Tsar Mikhail, alichongewa na wenzake kazini kwamba amenyunyiza kitu kama unga kwenye unyayo wa malkia. Alipohojiwa na kuteswa alisema kwamba alikwenda kwa mwanamke mganga ng'ambo ya mto Moskva, akampelekea ukosi wa shimizi yake. Mganga akauchoma, akampa majivu, akamwambia ayamwage mahali anapopita malkia, ili mabwana zake wampende na mambo yake yanyooke. Yule mganga alipobanwa naye, alieleza kazi anayowafanyia wanawake wenye waume wakali. Huwapa sabuni iliyosemewa, wanawe uso, na maneno yake ni kwamba kama sabuni inavyonata usoni upesi, ndivyo mume ampende mkewe upesi. Huwapa chumvi pia: kama watu wanavyoipenda chumvi katika chakula, ndivyo mume ampende mkewe.

Msomaji anayejua habari za limbwata ataielewa shida ile mara moja. Wachunguzi hawakuridhika nayo. Mume wa mganga alikuwa ametoka Lithuania, wakataka kujua kama mfalme wa huko ndiye aliyemtuma kumharibu malkia. Mwaka 1639 wana wawili wa Tsar walipofariki kwa kufuatana, kesi ikafunguliwa upya, na mateso yakaanza tena juu ya wanawake ambao, kwa kadiri jalada linavyotuonyesha, walikuwa wakihangaikia ngumi za waume na hasira za mabwana.

Hapa ndipo ninapoona thamani ya njia hii. Sehemu kubwa ya uchawi unaojitokeza katika kesi hizi ni silaha ya mnyonge mbele ya aliyemshika: mke mbele ya mume, mtwana mbele ya bwana, askari mbele ya mkuu wake. Yapo maneno mengi yaliyotungwa mahsusi kulainisha moyo wa wenye mamlaka na mahakimu, na watu waliyabeba kifuani wakienda mahakamani. Jambo hili halionekani vizuri katika njia nyingine yoyote. Kwingine utakutana na uzuri au elimu; hapa unakutana na mtu mwenye jina, mwenye shida anayoitaja mwenyewe, na jirani aliyemsaliti.

Kesi hizi zinavunja pia dhana ambazo wengi wetu tumezipata kutoka habari za Ulaya Magharibi. Takriban watatu kati ya kila washtakiwa wanne walikuwa wanaume: waganga wa kutangatanga, watwana, askari, watumishi wa chini wa kanisa. Habari za wachawi kuruka angani kwenda karamuni na kutia saini mkataba na Ibilisi, zilizoijaza Ujerumani na Ufaransa ya wakati uleule, hazikushika mizizi huko. Hakimu wa Moscow aliuliza mambo ya karibu zaidi: mzizi huu umeupata wapi, nani amekufundisha maneno haya, ulitaka kumfanya nini nani?

Na aliyeshika kalamu ni karani wa serikali, mbele yake mtu ananing'inizwa kwa mikono na kupigwa mjeledi. Maungamo yaliyotolewa hivyo hayawezi kuchukuliwa kama ukweli wa kilichotendeka. Mfano ulio wazi kabisa ni wa baadaye kidogo, kutoka Yarensk huko kaskazini. Wanawake walioitwa klikusha, yaani wanaopandisha na kupiga mayowe hasa wakati wa ibada kanisani, waliwataja majirani zao kwamba wamewarushia uovu. Watuhumiwa walipigwa wakakiri kila kitu, na mmoja akatoa hata wadudu wa kichawi aliosema huwaachilia kwa upepo wakamwingie mtu. Wadudu wale walifungwa na kupelekwa mpaka Seneti, baraza kuu la dola. Maseneta walipofungua waliona nzi wa kawaida, waliokauka. Mwaka 1770 Seneti ikawakemea maofisa kwa kuamini mambo yale na kwa kuwatesa watu. Mwanadamu chini ya kipigo alikuwa ameokota nzi dirishani ili apewe nafuu. Mimi kila nikisoma ungamo lolote la kabla ya hapo nawakumbuka nzi wale.

Sheria yenyewe unaweza kuifuata kwa hatua: amri ya 1653 ya Tsar Alexei ya kuchoma vitabu, mizizi na watu wasioiacha kazi hiyo, kanuni za kijeshi za Peter wa Kwanza za 1716, ambazo sasa zilizungumzia mapatano na shetani kwa mtindo wa Magharibi, amri ya malkia Anna ya 1731 iliyowaona waganga kama wadanganyifu lakini ikabakiza moto, kisha mageuzi ya Catherine wa Pili ya 1775 yaliyohamishia kesi hizo kwenye mahakama za dhamiri, kama kesi za ujinga na ulaghai. Serikali iliacha kuamini, vijiji havikuacha. Februari 1879, katika kijiji cha Vrachevo, jimbo la Novgorod, wanakijiji walimfungia Agrafena Ignatyeva ndani ya nyumba yake, wakapigilia mbao madirishani na kuichoma. Washtakiwa walikuwa 17. Baraza la wazee wa mahakama liliwaachia 14, na watatu wakapewa toba ya kanisa tu.

Njia hii basi ina damu ndani yake. Anayetafuta mada ya kufundishia watoto asianzie hapa.

Maneno ya uganga

Mrusi huyaita zagovori. Ni maneno yanayosemwa kwa sauti ya chini juu ya maji, chumvi, uzi au jeraha, kwa ajili ya homa, damu isiyokoma, jino, ng'ombe aliyepotea, mpenzi asiyesikia. Kwa upande wa lugha hakuna njia inayoifikia hii. Mengi hufuata safari moja. Mganga anaanza: nitaamka mimi, mtumishi wa Mungu fulani, nikijibariki, nitakwenda nikijitia ishara ya msalaba, nitatoka nyumbani kwa mlango, uani kwa lango, mpaka uwanda ulio wazi, upande wa mashariki. Huko kuna bahari kuu, ndani ya bahari kisiwa cha Buyan, juu ya kisiwa jiwe liitwalo Alatyr. Na juu ya jiwe kuna aliyeketi: Mama wa Mungu, au mtakatifu, au binti mzuri mwenye sindano na uzi wa hariri anayeshona jeraha, uzi ukikatika, damu nayo ikome. Mwisho maneno hufungwa kwa kufuli na ufunguo, ufunguo ukatupwa baharini.

Ukitaka kudhuru, safari hiyohiyo hupinduliwa: nitaamka bila kujibariki, nitakwenda bila ishara ya msalaba, sitatoka mlangoni wala langoni. Mimi nauona ustadi mkubwa katika jambo hilo. Dunia ileile, hatua zilezile, na kinachoamua kama ni uganga au uchawi ni neno moja la kukanusha.

Umri wake ni mkubwa. Huko Novgorod, ambako udongo wenye majimaji umehifadhi barua zilizokwaruzwa kwenye gome la mti wa betula, barua namba 715 ya karne ya 13 inasema, kwa maneno machache: malaika mara tatu tisa, malaika wakuu mara tatu tisa, mwokoeni mtumishi wa Mungu Mihei na homa za kutetemesha, kwa maombi ya Mzazi Mtakatifu wa Mungu. Ni hirizi. Mtu aliyeitwa Mihei alikuwa akitetemeka kwa homa, na mtu mwingine akamwandikia. Kutoka eneo la Olonets upo mkusanyo wa mkono wa karne ya 17 wenye zagovori zaidi ya mia, na baadhi zina maneno ya Kikarelia na Kivepsi, lugha za majirani wa Warusi waliosifika sana kwa uganga. Kisha mwaka 1869 Leonid Maikov akachapisha mkusanyo mkubwa uliopangwa kwa shida: mapenzi, ndoa, afya, riziki, mahusiano na watu. Una matini 372 na mpaka leo ndio watu hurejea kwanza.

Ulinganishe na majalada. Katika jalada maneno ni machache, yamekatwakatwa, lakini unajua ni ya nani na aliyataka kwa nini. Katika mkusanyo maneno yamekamilika na yanapendeza, lakini mwenyewe ametoweka, pamebaki "fulani". Aliyeshika kalamu hapa ni msomi, mwalimu au kasisi wa kijiji, na aliyekuwa anasema alikuwa na sababu ya kuficha. Waganga wengi waliamini kwamba maneno yakishatolewa kwa mtu mwingine humtoka nguvu yule aliyeyatoa, au kwamba yapasa kupewa aliye mdogo kwa umri peke yake. Kwa hiyo mgeni kutoka mjini angeweza kupewa maneno yenye pengo, kwa makusudi kabisa.

Na lipo onyo ambalo anayechagua njia hii hana budi kulizingatia. Ivan Sakharov, aliyeanza kuchapisha mambo haya mwaka 1836, alipendwa sana na akanakiliwa na kila mtu. Baadaye wasomi waligundua kwamba baadhi ya matini zake alizibadilisha au kuzitunga mwenyewe. Zimeenea hata leo, na zile nzuri kupita kiasi ndizo zinazonakiliwa zaidi. Ukitaka kilicho salama shikamana na Maikov, na kwa desturi zinazozunguka maneno, na majibu yaliyokusanywa na ofisi ya Prince Tenishev mwishoni mwa miaka ya 1890, ambapo walimu na makasisi wa majimbo mengi ya Urusi ya kati walijibu orodha ndefu ya maswali kuhusu maisha ya wakulima.

Hii ndiyo njia ninayompa mshairi, mtunzi wa nyimbo na mwanafunzi wa fasihi simulizi. Hatajutia.

Ramli na falaki

Hii ndiyo iliyo karibu zaidi na msomaji wa Kiswahili, na watu wengi hawajui kama ipo.

Mwaka 1551 Ivan wa Nne aliitisha mkutano mkuu wa kanisa mjini Moscow, unaojulikana kama Stoglav. Miongoni mwa malalamiko yaliyoletwa palikuwa na hili: watu wanaoshtakiana kwa uongo hubusu msalaba kuapa, kisha huenda uwanjani kupigana ili Mungu aamue, na wapiga ramli huwasaidia kwa kutazama vitabu viitwavyo Rafli na Milango ya Aristotle, na kwa kuangalia nyota na sayari, wawaambie siku na saa ya kushinda. Yaani kabla ya shauri kwenda kuamuliwa kwa silaha, mtu alikwenda kwanza kupigiwa bao. Mkutano ulivipiga marufuku vitabu hivyo pamoja na vingine.

Rafli ni ramli ileile inayojulikana kutoka Timbuktu mpaka Lamu: unadunga nukta bila kuhesabu, unaangalia shufwa au witiri, unapata safu nne, na safu hizo zinakupa moja ya sura 16. Ilitoka kwa Waarabu, ikapita katika lugha nyingine, ikafika kaskazini kwenye theluji. Kitabu kimoja cha Kirusi cha elimu hii kimesalia, kilichotungwa Pskov mwaka 1579 na Ivan Rykov, aliyeizungushia ramli lugha ya Kikristo ili ionekane halali. Milango ya Aristotle nayo ni Sirr al-asrar, kitabu cha Kiarabu cha nasaha kwa mfalme kilichosingiziwa Aristotle; kilifasiriwa kutoka Kiebrania katika Utawala Mkuu wa Lithuania kwenye karne ya 15, ndipo kikafika Moscow. Ndani yake mlikuwa na elimu ya kusoma sura ya mtu na hesabu ya majina ya kujua nani atashinda nani.

Mtu aliyekulia mwambao na kuona kitabu cha falaki juu ya kabati la mwalimu ana faida hapa ambayo mtafiti wa Ulaya hana. Anaweza kuzitambua sura, akajua nyumba zake, akauliza maswali mapya. Ningefurahi sana kuona kijana wa Zanzibar au Mombasa akilinganisha sura 16 za Pskov na zile za kwao, nyumba kwa nyumba. Ni kazi inayowezekana, na inahitaji mtu anayejua ramli kwa hakika.

Udhaifu wake ni uchache. Hati ni za kuhesabika, wasomaji wake walikuwa watu wa kanisa na wa ofisi, na mkulima wa kawaida hakuwa na habari nazo. Kwa kipimo cha kalamu, hapa anayeandika ndiye mtumiaji mwenyewe, jambo adimu. Lakini anaandika elimu. Haandiki maisha yake. Hutajua Rykov alimpigia nani bao wala kwa bei gani.

Usiku wa Sviatki na vitabu vya ndoto

Wengi huanzia hapa kwa sababu ndipo penye picha nzuri. Sviatki ni siku za kati ya Krismasi na Ubatizo wa Bwana, kwa kalenda ya sasa ya Warusi Januari 7 hadi 19. Mabinti walimwaga nta iliyoyeyuka katika maji wakaangalia umbo lake, walirusha kiatu ng'ambo ya lango wakatazama ncha yake imeelekea wapi, kwa kuwa huko ndiko watakakoolewa, walimwachia jogoo nafaka, walitoka njiani wakamuuliza mpita njia wa kwanza jina lake, liwe jina la mume. Waliweka pete ndani ya bakuli lililofunikwa na kuimba; pete inayotolewa wakati wa ubeti fulani, bahati ya mwenyewe ni ya ubeti ule.

Kuna upande wa giza. Jasiri zaidi aliingia usiku wa manane ndani ya banya, kibanda cha kuogea kwa mvuke kisichowekwa ikoni, yaani picha takatifu, akavua msalaba na mshipi, akapanga vioo viwili na mishumaa, akasubiri atokee mtu kwenye kile kijia cha mwanga. Kuvua msalaba maana yake ni kujiweka wazi kwa pepo wasio wasafi. Kwa hiyo anayesema Sviatki ulikuwa mchezo wa wasichana tu amesoma nusu ya habari. Mchezo ulikuwepo, hofu pia ilikuwepo.

Mjini uaguzi ukahamia kwenye karatasi. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 vilichapwa vitabu vya kutafsiri ndoto, vya karata, na ile karatasi maarufu ya Duara la Mfalme Sulemani: unatupa punje ya ngano juu ya duara lenye namba, unasoma jibu la namba iliyoangukiwa. Jina lililouza zaidi lilikuwa Martyn Zadeka, mzee Mswisi aliyedaiwa kuishi miaka 106. Utabiri wake ulitoka kwa Kirusi mwaka 1770, na baadaye jina lake likabandikwa juu ya vitabu vya ndoto. Tatyana, binti katika Evgeny Onegin, riwaya ya kishairi ya Pushkin, ananunua kitabu chake kwa mchuuzi wa kupita na kulala nacho kila usiku. Machinga wa vijijini walikuwa na bidhaa hiyo katika mizigo yao mpaka mapinduzi ya 1917. Kisha uchapaji ukakoma, watu wakanakili kwa mkono, na mwaka 1989 mambo yakarudi kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia: Allan Chumak, mganga wa televisheni, alikaa kimya mbele ya kamera akipunga mikono, na mamilioni wakaweka mitungi ya maji mbele ya televisheni wayapate yenye nguvu.

Kwa mwalimu, kwa mtayarishaji wa kipindi cha redio, kwa anayesoma fasihi ya Kirusi, njia hii ni nyepesi na ina vitu vya kuonyesha. Kalamu lakini ilikuwa mkononi mwa washairi na wachapishaji wenye kutafuta wanunuzi, nao walipenda binti mrembo mbele ya kioo kuliko mke aliyevimba jicho. Ndiyo maana siipendekezi kama njia pekee. Ukiishia hapa utadhani Mrusi aliagua ili ajue ataolewa na nani, basi.

Uchague ipi

Kama nafasi yako ni ya jambo moja tu, chukua kesi. Uchukue moja, ile ya Lomanova kwa mfano, usome maswali ya wachunguzi na majibu kando kwa kando, na utaona jinsi haja ya mwanamke inavyogeuzwa kuwa njama ya dola. Kama una nafasi ya mbili, weka zagovori ubavuni mwake, maana sabuni na chumvi za yule mganga zitakuwa na maneno kamili ndani ya mikusanyo, na hapo ndipo pande mbili zinasaidiana: huku una mtu, kule una sauti. Anayejua Kiarabu au ramli aache ushauri wangu na aende moja kwa moja Pskov. Sviatki iwe ya mwisho, au iwe ya kwanza kwa anayefundisha vijana, mradi asiifiche banya.

Lugha nayo itakuamulia. Majalada ya karne ya 17 yameandikwa kwa mwandiko wa haraka ambao hata Mrusi wa leo haumudu bila mafunzo, lakini N. Novombergsky alichapa nyingi kwa herufi za kawaida mwaka 1906, na tangu 2020 upo mkusanyo mpana wa nyaraka zilizotafsiriwa kwa Kiingereza, ulioandaliwa na Valerie Kivelson na Christine Worobec. Zagovori zinahitaji Kirusi; tafsiri hupoteza mahadhi yake, na mahadhi ndiyo nusu ya kazi. Ramli ya Rykov inahitaji Kislavoni cha kanisa au mwenza anayekijua. Kwa asiye na lugha yoyote kati ya hizo, barua za magome ya Novgorod zimewekwa mtandaoni bure, picha na mchoro wa kila herufi. Namba 715 ni fupi, na kwa msaada wa alfabeti unaweza kulisoma jina la Mihei mwenyewe kwa siku moja.